Maneno Yako Bado Hatujayafikia

Sifa mwanangu,

Habari za makoti, soksi nzito na dawa ya kifua mama yako amekwisha kuzisema, na nyingine amezirudia mpaka ukacheka. Tantine Odette atazisema tena ukishuka tu kule Brussels, maana dada mkubwa wa mama yako hajawahi kumwamini mtu yeyote aliyekulia kwenye joto. Kwa hiyo mimi sitakuambia ule nini wala uvae nini. Nimekaa mezani hapa jikoni, mabegi yako yako mlangoni, na nataka kukuandikia habari ya kitu kimoja tu, nacho ni wivu. Wivu wangu.

Usishtuke, unaujua. Nyumba nzima inaujua. Lakini umeujua kwa kukaa nao, hujawahi kuusikia kutoka mdomoni mwangu, na mtu akisafiri na jambo analolijua nusu hulimalizia mwenyewe njiani, tena hulimalizia vibaya.

Mimi ni mtu wa Korogwe. Nilikuja Durban na Kiswahili changu, na Kisambaa kidogo cha bibi, basi. Nilipomkuta mama yako anasuka nywele pale Overport na kunijibu kwa Kiswahili, nilidhani nimefika nyumbani. Kiswahili chake cha Uvira kilinichekesha, "mutoto" kwa mtoto, "iko" kwa kila kitu kilichopo na kisichopo, na yeye alizicheka shikamoo zangu. Tulichumbiana kwa Kiswahili, tukaoana kwa Kiswahili, tukagombana kwa Kiswahili. Nilifikiri nimemjua wote.

Halafu nikaanza kumsubiri jioni pale saluni. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na kioo nikiwasikiliza wanawake wakizungumza habari za watu. Mwanzoni nilielewa kila kitu: fulani kaolewa, fulani kahamishwa flati yake ya Berea, fulani mume wake karudi Goma. Lakini likija swali la kwamba huyo mtu yukoje, basi mazungumzo yote yalihamia Kifaransa. Fulani ni grand, fulani ni mince, fulani ni têtu, maneno ambayo siku zile sikuyajua hata moja. Halafu kicheko. Halafu mmoja wao ananitupia jicho. Mwanangu, mtu hawezi kukaa kwenye kiti cha plastiki akatupiwa jicho namna ile kila jioni asijiulize yeye mwenyewe ni nani katika lugha hiyo.

Nilimuuliza mama yako njiani, "Mnanisemaga mimi?"

"Weye? Weye uko na nini ya kusema?" akanijibu, akacheka.

Wala hakuwa ananidharau. Leo najua alikuwa anatania. Lakini nililala nalo.

Ukazaliwa wewe. Neno lako la kwanza lilikuwa Maman. La pili lilikuwa taa. Mimi nilikuja baada ya taa. Nakuandikia hili ulicheke, lakini siku zile sikulicheka. Mama yako alikuwa Maman wa Kifaransa na mimi nilikuwa Baba wa Kiswahili, na nilikuwa nikiwatazama mkizungumza kitandani asubuhi kwa maneno madogo madogo, mkicheka, nami nimesimama mlangoni na kikombe cha chai nikisubiri mnikumbuke.

Sasa nifike kwa Mwalimu Anselme.

Alikuja kanisani kwenu akitokea Bukavu, mrefu, mwembamba, miwani puani, mvi zimeanza kabla ya wakati. Siku za kazi alikuwa anatengeneza simu katika kiduka cha mjini, na Jumamosi akawafundisha watoto Kifaransa kwenye ukumbi ulio nyuma ya kanisa, ili wasikisahau. Nyinyi wote mlimwita Tonton, yaani mjomba. Siku ya kwanza kukupeleka alikuuliza jina, ukamwambia, naye akacheka kwa upole: "Sifa anakuja kujifunza sifa za watu. Sawa kabisa." Wazazi wote wakacheka. Mimi pia nilicheka, kisha nikaondoka na gari nikijiuliza kwa nini neno zuri kama hilo juu ya jina la mwanangu halikunijia mimi miaka yote kumi na mmoja.

Tangu siku hiyo nyumba yetu ilijaa mtu huyo. Tonton Anselme amesema mwanaume ni petit na mwanamke ni petite, ile t ya mwisho inalala kwa mwanaume na kuamka kwa mwanamke. Tonton Anselme amesema usiseme mtu ni mzee, sema ana umri. Tonton Anselme amechora mtu mnene ubaoni, chaki ikakatika. Ulikuwa unanisimulia nikila, na mimi nilikuwa nakujibu "ehe" nikitafuna. Kwenye gereji nilikuwa nanyoosha milango ya magari kutwa, na jioni nilitaka nami niwe na jambo moja la kukusimulia likakufanya utoe macho namna ile. Sikuwa nalo. Ningekuambia nini? Leo nimenyoosha mlango?

Ilikuwa kabla ya Kombe la Dunia, ule uwanja mpya bado unajengwa, mama yako aliponiambia kwamba mwisho wa mwaka watoto watafanya sherehe. Kila mtoto atasimama mbele ya watu, ataeleza mtu mmoja kwa Kifaransa bila kumtaja jina, na ukumbi utabahatisha ni nani.

"Sifa atamueleza nani?" nikauliza.

"Amekataa kusema. Surprise," mama yako akajibu, na akaniangalia akitabasamu.

Basi tabasamu lile ndilo lililoniponza. Nilijua ni mimi. Nani mwingine?

Kesho yake nilimfuata Didas, yule Mrundi tuliyekuwa tunapaka naye rangi gereji.

"Didas, nifundishe Kifaransa."

"Chote?"

"Cha watu tu. Cha kusema mtu yukoje."

Didas hakuwa mwalimu lakini alikuwa na subira, na gereji ilikuwa na wateja. Kila aliyeingia tulimgeuza somo. Grand, petit, mrefu na mfupi. Gros, mince, mnene na mwembamba. Jeune, vieux, kijana na mzee. Chauve ni mwenye kipara, na tulikuwa na meneja mwenye kipara, hilo lilinikaa siku ile ile. Nilikuwa napiga msasa nikirudia chini ya barakoa. Siku moja mama mmoja wa Kihindi alileta Corolla yake imebonyea ubavuni, na alipogeuka kwenda zake nikamwambia Didas kwa fahari ya mwanafunzi, "Elle est petite, elle est grosse, elle est riche." Ni mfupi, ni mnene, ni tajiri. Yule mama akasimama. Akageuka. "Et pas sourde, monsieur." Tena si kiziwi, bwana. Kumbe mtu wa Mauritius! Didas aliingia chini ya gari na hakutoka. Mimi nilimng'arishia mama yule gari zima, mpaka taa za nyuma, bila kuambiwa.

Hukuwahi kukijua kisa hiki. Sikukusimulia. Nilikuwa nacho, kisa cha kukufanya utoe macho, nikakificha kwa sababu nilitaka nikushangaze siku ya sherehe. Nilijiandalia hata jibu. Nilifikiri, ukimaliza kunieleza, huenda wazazi wataambiwa nao waseme neno, na mimi nitasimama mbele ya Wakongo wote na kusema: Ma fille est petite. Elle est mince. Elle est timide. Elle est belle. Binti yangu ni mdogo, ni mwembamba, ana haya, ni mzuri. Nililisema kwenye bakki, ile pikapu yangu ya kazi, kila asubuhi, likaingia likakaa.

Siku ikafika. Viti vya plastiki, mandazi, soda, watoto wamepakwa mafuta wanang'aa. Mtoto mmoja alimweleza bibi yake. Mwingine akasema "Il est gros, il est très gros," na ukumbi mzima ukamgeukia pasta, pasta mwenyewe akacheka kuliko wote. Nilielewa! Nilicheka na watu, wakati uleule walipocheka wao. Sijui kama umewahi kuhisi hivyo, kucheka kwa wakati mmoja na watu baada ya miaka mingi ya kuchelewa.

Halafu ukasimama wewe, na gauni lako la kijani.

"C'est un homme," ukasema. Ni mwanaume. Nikaweka soda chini.

"Il est grand."

Nikajinyoosha kitini. Nilijiambia, kwa mtoto kila baba ni mrefu.

"Il est mince."

Nikatazama tumbo langu.

Ana miwani. Ana nywele za kijivu. Ni mvumilivu. Ni mpole. Hayo yote niliyaelewa, neno kwa neno, Didas alikuwa amenifundisha vizuri. Ukumbi ukapiga kelele, "Tonton Anselme!" na yeye akavua miwani akaifuta kwa shati, akashindwa kuirudisha vizuri. Mama yako alipiga makofi, kisha akanigeukia akanipa tabasamu la kumhurumia mtu ambaye hajui watu wanachekea nini.

"Amefanya muzuri, hein?"

"Vizuri sana," nikasema.

Kama nisingejifunza, Sifa, ningepiga makofi nikarudi nyumbani na furaha yangu kama wazazi wengine. Nilijipa taabu ya kujifunza nikapata nilichokipata. Hilo liliniuma zaidi, kwamba hata kinyongo chenyewe nilikifanyia kazi.

Mwalimu alikuja kunipa mkono. "Baba Sifa, mutoto yako iko na akili." Nilimpa vidole, nikatazama pembeni.

Tukiwa njiani, mama yako amebaki kuosha vyombo, wewe na mimi tukasimama kwenye robot nyekundu, zile taa za barabarani. Nikauliza kama vile sijui.

"Yule uliyemweleza alikuwa nani?"

"Tonton Anselme. Baba, umeelewa?" Uligeuka kwenye kiti, uso umefunguka wote. "Umeelewa Kifaransa!"

Ulifurahi. Ulikuwa umefurahi kuliko ulipopigiwa makofi. Nililiona na nikalipita.

"Kwa nini hukunieleza mimi?"

Ulifikiri kwanza. Tangu utotoni hujawahi kujibu ovyo. Ukasema, "Maneno yako bado hatujayafikia, Baba."

"Maneno yangu yapi?"

Robot ikawa kijani. Nyuma taxi zikaanza kupiga honi. Sijui kama ulijibu. Pengine ulijibu na mimi sikusikia, kwa sababu ya honi na kwa sababu nilikuwa nimekwisha kukasirika.

Wiki iliyofuata nikasema Jumamosi utakuwa unakuja gereji kunisaidia. Nilimwambia mama yako mtoto lazima ajue kazi. Yeye aliweka sufuria chini.

"Mutoto wa miaka kumi na moja afanye nini ku gereji? Weye uko na wivu juu ya luga?"

"Sina wivu na lugha."

"Basi ni juu ya mutu."

Nilichukua funguo nikatoka nje. Alinikalia kimya siku nyingi, na wewe ulikuja gereji, ukakaa juu ya tairi, ukapanga misumari na nati kwa ukubwa bila kulalamika. Nilidhani nimekupata. Nilikuwa nimeipata Jumamosi yako tu. Ulikuwa unanijibu ninachokuuliza na hukuwa unanisimulia chochote tena, si cha Tonton wala cha shule wala cha mtu yeyote.

Miaka ikaenda. Najua kwamba Jumapili baada ya ibada uliendelea kukaa na Anselme nyuma ya kanisa, yeye na mama yako wakijua na mimi sijui. Nilikuja kujua siku nilipokusikia ukizungumza na Tantine Odette kwenye simu, haraka, bila kutafuta neno, ukicheka. Nilikuwa sebuleni. Sikugomba. Niliongeza sauti ya redio. Huo ndio wivu wa mtu mzima, mwanangu. Haupigi kelele, unaongeza redio.

Sasa la mwaka huu, ambalo tumelisimulia kwa watu mara nyingi, lakini upande wangu sijausimulia hata mara moja.

Siku zile wageni walipokuwa wakifukuzwa na kupigwa, wewe ulikuwa mjini dukani ulikokuwa ukifanya kazi. Mchana maduka yakafungwa. Nikapiga simu, haipatikani. Nikapiga tena, haipatikani. Mama yako alibaki nyumbani Overport na ndugu zako wadogo, mlango umefungwa kwa kabati, na mimi nikaingia kwenye bakki. Dukani kwenu vioo vilikuwa chini. Jirani mmoja Mzulu, bwana mzee, akaniambia kwa Kiingereza kwamba wasichana wote walipakiwa kwenye gari wakapelekwa kwenye uwanja ambako watu walikuwa wanakusanywa. "Go, baba, go," akasema, akanifungulia njia mwenyewe.

Uwanjani kulikuwa na mahema na watu wengi kuliko nilivyotarajia. Langoni alisimama mama mmoja wa Brazzaville, mkubwa wa mwili, kitambaa cha njano kichwani, akizuia watu wasiingie ovyo. Nikamsemesha Kiswahili, hajui. Kiingereza, kidogo sana. Akaniuliza kwa Kifaransa kitu kirefu, nami nikashika neno moja tu, comment. Yukoje.

Hapo kichwa changu kikawa cheupe. Mwanangu yumo ndani au hayumo, na mimi sina neno. Halafu maneno yakaja yenyewe, yote kwa pamoja, kama nilivyoyasema kwenye bakki kila asubuhi miaka ile:

"Ma fille est petite. Elle est mince. Elle est timide. Elle est belle."

Aliyasikiliza kwa makini. Alikwenda ndani akazungusha macho, akarudi, akatikisa kichwa kwa huruma. "Non, papa. Petite, timide… non."

Nikarudi kwenye bakki nikashika usukani, sikuwasha gari. Sikujua niende wapi. Hospitali? Polisi? Nilikuwa nimekwisha kuanza kufikiri mambo ambayo sitayaandika.

Dirisha likagongwa. Mwalimu Anselme. Mvi zilikuwa zimemaliza kichwa. Alikuwa amebeba mikate kwenye mifuko, ameileta kwa watu.

"Baba Sifa. Uko hapa peke yako?"

Tangu ile sherehe sikuwa nimempa salamu ya maana. "Namtafuta Sifa," nikasema. "Hayumo. Yule mama amesema hayumo."

"Ulimwambia yukoje?"

Nikamrudia maneno yangu. Aliyasikiliza mpaka mwisho na hakucheka. Angecheka, ningemchukia kwa raha.

"Ile ni Sifa ya zamani," akasema polepole. Akaniwekea mikate mapajani, akaenda langoni. Nilimsikia. "Grande. Ronde. Bavarde. Et elle rit très fort." Mrefu. Wa mviringo. Msemaji. Na akicheka, anacheka kweli.

"Ah, celle-là!" mama yule akapiga kofi paja lake. Huyo! Si mngesema mapema! Akanyoosha kidole kwenye hema la jikoni.

Na kweli. Ulikuwa umesimama kwenye sufuria kubwa na mwiko mkononi, unawapanga watu wazima mstari wa uji, wazee kwanza, wenye watoto pili, ukimkemea jamaa mmoja aliyejipenyeza, na yeye anacheka na kurudi nyuma. Ulinipita urefu. Ulikuwa na mwili wangu, mabega yangu. Tangu lini? Nilikuwa nakula na wewe meza moja kila siku, na mtu niliyemtafuta langoni alikuwa mtoto mwembamba wa gauni la kijani.

"Baba!" ukaita. "Umekula?"

Nilitaka kulia, nikakuuliza simu yako iko wapi. Ukaweka mwiko chini, ukaja. Mwanangu, nitakuambia na hili, maana nimeapa nitasema yote. Anselme alikuwa kando yangu, na wakati unakuja mbio, baada ya mchana ule wote, mimi niliangalia utamkumbatia nani kwanza.

Ulinikumbatia mimi. Lakini niliangalia.

Usiku ule na siku nyingi baadaye nililifikiria lile neno lako la kwenye robot. Mtu mrefu, mwembamba, mwenye miwani na mvi ni mtu rahisi kwa mtoto anayeanza lugha. Maneno yake yako ukurasa wa kwanza. Mimi nilikuwa na maneno gani? Fundi anayenuka rangi, anayetaka kupendwa na asiyejua kuomba, anayekula kimya akitamani kusimuliwa zaidi. Hilo somo hamkuwa mmelifikia, nami nikakutoa darasani kabla hamjalifikia. Na nikakasirika kwamba hukunieleza, wakati mimi mwenyewe sikuwa nimetoa neno jipya juu yako tangu mwaka ule.

Uliponiambia umepata nafasi ya kusomea uuguzi kule Brussels, nilisema "Hongera, mwanangu," kwa sauti nzuri. Unajua nilichokiwaza kwanza? Kwamba utakuwa unaamka katika lugha ile, utaumwa ndani yake, utapendwa ndani yake. Nikamwonea wivu Tantine Odette. Nikawaonea wivu wagonjwa usiowajua bado, kwa sababu utawauliza wanaumwa wapi kwa sauti ile ya polepole uliyokuwa ukitumia kwangu nilipovunjika kidole. Mtu anawaonea wivu wagonjwa! Mama yako nilipomwambia alicheka mpaka akakaa chini. "Eish, Baba Sifa. Weye ni wa kufunga ku kamba."

Nitakuambia machache niliyoyapata, uyachukue au uyaache.

Utasikia wasichana wakisema mwanaume asiye na wivu hapendi. Mimi nilipenda na nilikuwa na wivu, na katika miaka yote hiyo viwili hivyo havikuwahi kusaidiana hata siku moja. Akitokea kijana huko akakuuliza kila mara umezungumza na nani na mmecheka nini, usidhani amekupenda sana. Namjua huyo kijana. Mwonee huruma ukiwa umesimama mbali.

Na watu, mwanangu, waulize tena. Nilimweka mama yako kwenye maneno niliyomkuta nayo saluni, nikakuweka wewe kwenye gauni la kijani, nikamweka Anselme kwenye kiti cha mwizi, na wote watatu mlikwisha kuondoka hapo zamani. Ukirudi likizo utanikuta nimebadilika kidogo, pengine nimekuwa mbaya zaidi. Niulize.

Jambo la mwisho ni la leo mchana. Uliniuliza nilikwenda wapi na bakki, nikasema mafuta. Nilikwenda mjini kwenye kiduka cha simu. Nilimkuta Anselme ameinamia simu ya mtu, miwani imeshuka. Nikamwambia kesho tunakupeleka uwanja wa ndege, na kwamba ningependa twende naye, akae mbele kando yangu. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi. Ilinigharimu, Sifa. Nilijiona mtu mkubwa sana nikilisema.

Alivua miwani. Akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Asante, Baba Sifa. Lakini hapana. Ku aéroport mutoto anageuka mara moja tu, halafu anaingia. Asigeuke kunitafuta miye. Akuone weye."

Nilitoka dukani na hasira. Nilikuwa nimekwenda kumpa kitu, nikarudi nimepewa mimi, tena kitu kikubwa kuliko changu. Nilikaa kwenye bakki nikamwonea wivu kwa wema wake, kama nilivyomwonea wivu kwa urefu wake, na kwa miwani yake, na kwa neno alilolisema juu ya jina lako. Sidhani wivu huu utaisha. Nimeacha kungoja uishe. Nilichojifunza ni kuwasha gari na kwenda ninakotakiwa kwenda, nao ukiwa umekaa kando.

Kwa hiyo kesho, ukifika pale mlangoni ambapo sisi hatuvuki, geuka. Mama yako atakuwa analia, usimtazame sana, utakosa nguvu. Mimi nitasimama mahali palipo wazi.

Sasa lala. Asubuhi nitakuamsha mimi. Mama yako nimekwisha kumwambia asinitangulie.

Baba yako